Kabari ya Lomenen

Jumapili ya kwanza ya mashindano, Nabei alimwomba Mungu amcheleweshe mwanawe.

Hakuomba kwa sauti. Kwa sauti, mbele ya jumuiya nzima iliyoketi kwenye mikeka kivulini mwa ukuta wa kanisa la Kakuma, alisema kama alivyoagizwa na mwanawe kusema: "Tumwombee mwanangu Epuyo. Leo anapanda kilima kwa gari huko Uingereza. Mungu amsaidie ashinde." Wanawake wakaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Lakini ulipofika ule wakati wa kimya, kila mtu akaachiwa moyo wake, Nabei aliinamisha kichwa akasema maneno mengine kabisa. "Baba, mpunguzie mwendo. Kama kuna tope, liweke. Kama kuna gari bovu, liweke mbele yake. Afike juu salama, na afike polepole."

Sala ilipokwisha, Akuol akamsogelea. Akuol alikuwa Mdinka wa Sudan Kusini, muuza chai katika kambi ya wakimbizi, mwanamke mrefu ambaye hakuacha jambo lipite bila kulitia neno.

"Mama Epuyo, nieleze vizuri. Anapanda mlima?"

"Anapanda."

"Na huko juu iko nini? Iko soko?"

"Hakuna kitu. Anashuka."

"Halafu?"

"Anapanda tena."

Akuol akapiga paja. "Basi huyo amepoteza mbuzi! Aseme tu, tumsaidie kutafuta."

Walicheka mpaka katekista akageuka kuwatazama. Nabei naye alicheka, kwa sababu ilichekesha. Kisha akakunja mkeka wake, akaenda nyumbani, akakuta kumetulia vilevile alivyokuacha.

Epuyo ndiye mtoto pekee aliyembakia. Alijifunza umakanika Lokichoggio, enzi zile ndege za misaada zikiruka na kutua kutwa nzima. Huko ndiko alikompata mke, muuguzi wa Kiingereza mwenye sauti ndogo, wakaoana, wakaondoka pamoja mwaka wa 2010. Ndoa haikufika miaka miwili. Waliachana bila kelele, na Nabei alipoambiwa kwa simu aliuliza swali moja tu: "Sasa unakula wapi?" Epuyo akajibu kwamba anakula karakana.

Karakana hiyo ilikuwa ya Hedley, mzee wa miaka sabini na minne, aliyekuwa na kigari cha kijani kisicho na paa, kilichotengenezwa kabla Epuyo hajazaliwa. Kigari hicho hakikwenda sokoni wala kanisani. Kazi yake ilikuwa moja. Kuanzia Aprili mpaka Septemba, Jumapili za mashindano, kilipakiwa juu ya trela kikapelekwa penye kilima fulani, leo huku, mara nyingine kule, kikapanda barabara nyembamba ya kilima hicho mpaka juu huku saa ikihesabu. Mwaka wa 2012 Epuyo alikuwa wa kusukuma gari na kubadilisha matairi. Mwaka wa 2013 mzee akamwambia, magoti yangu yamechoka, tuliendeshe wawili. Kumbe kanuni za mchezo ule zinaruhusu: gari moja, madereva wawili, mmoja akishuka mwenzake anaingia kiti kikiwa bado na joto.

Na kulikuwa na ahadi. Epuyo alimweleza mama yake kwa simu siku ya Pasaka, taratibu, kama mtu anayefungua fundo.

"Mama, mzee amechoka. Mwaka huu ukiisha anafunga. Lakini amesema hivi: katika kundi letu la magari madogo kuna daktari mmoja wa meno, huyo ndiye hutushinda kila mwaka. Nikimpita kwa jumla ya pointi, mzee ananiachia gari na karakana, niendelee. Nisipompita, anauza vyote."

"Na wewe je?"

"Mimi? Nikikosa karakana nitakaa kwa nani huku? Nitarudi nyumbani. Desemba uniwekee mbuzi."

Maneno mengi yalisemwa siku ile, lakini Nabei alibaki na hayo ya mwisho. Desemba uniwekee mbuzi. Kesho yake alinunua makuti mapya, akaanza kuezeka upya kile kibanda cha Epuyo kilichokuwa kimelala upande. Majirani walipouliza, alisema mchwa wameharibu. Na majirani hao hao walimwambia, bila yeye kuuliza, kwamba tangu mafuta yavumbuliwe upande wa Lokichar, magari meupe yamejaa barabarani kutoka Kalemng'orok mpaka Lodwar, na wenye magari wanatafuta makanika kama watu wanavyotafuta maji. Epuyo akirudi hatakosa kazi hata wiki moja. Nabei alizipokea habari hizo akaziweka.

Hata hivyo, alijiambia kwamba hamwombei ashindwe. Anamwombea asife. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na mama aliyezikiwa mume na barabara ana haki ya kuomba hivyo.

Mumewe, Lomenen, alikuwa dereva wa lori. Alifariki mwaka wa 1996, kwenye mpando wa Kamatira, kule juu ya Marich, akipeleka saruji Kitale. Watu waliokuja kumpa habari walisema gari lilimshinda. Nabei hakuuliza zaidi. Kwa mtu wa nchi tambarare, gari kumshinda mtu maana yake ni mbio. Tangu siku hiyo alisema hivyo kwa kila aliyeuliza, na hakuna aliyempinga. Kitu alichorudishiwa pamoja na nguo za marehemu kilikuwa kabari yake.

Ilikuwa kipande cha mti wa ewoi, kizito, kilichochongwa upande mmoja chembamba na upande mwingine kinene, cha kuwekwa nyuma ya gurudumu lori likisimama mlimani. Lomenen aliichonga mwenyewe. Safarini, lori likilala njiani, naye hulala chini yake na kuifanya kabari hiyo kuwa ekicholong, kile kigoda cha kulazia kichwa ambacho wanaume wa Kiturkana hawaachani nacho. Miaka kumi na mmoja ya shingo ilikuwa imechimba kibonde kidogo katikati ya mti. Nabei aliitumia kushikia mlango, kwa maana upepo wa Kakuma haumwachi mtu akae na mlango wake. Kila asubuhi aliisukuma kwa mguu, kila jioni akairudisha kwa mguu, na vidole vyake vilikijua kibonde kile.

Matokeo aliyapata kwa Firmin. Huyu alikuwa Mkongomani wa kambini, mwenye chumba cha mabati na kompyuta tatu, mbili nzima na moja ya kutisha wateja. Nabei alimletea samaki wakavu, kwa sababu hiyo ndiyo biashara yake: kila baada ya wiki mbili alikwenda Lodwar kuchukua magunia ya samaki waliotoka ziwani, akarudi kuwauza kambini. Jumapili za mashindano, kuanzia saa kumi jioni, aliketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya Firmin, rozari mkononi, akitazama kisogo cha Firmin kwa kuwa kioo chenyewe kilikuwa kimejaa tarakimu tu.

"Voilà," Firmin akasema ile mara ya kwanza. "Maman, mutoto yako iko wa pili. Docteur ya meno ni wa kwanza."

"Amempita sana?"

"Sekunde nusu. Haifike hata kupiga chafya."

Nabei akabusu msalaba wa rozari. Firmin akadhani ni huzuni, akamwambia pole.

Kilima cha pili kilikuwa hivyo hivyo, na cha tatu. Wa pili, wa pili. Jioni ya kilima hicho cha tatu simu ililia, na sauti ya Epuyo ikatoka katika uwanja wenye kelele za mashine.

"Ejok, Mama."

"Ejok, mwanangu. Umefika?"

"Nimefika. Lakini sijui nina nini. Kona ya juu, ile ya mkono wa kushoto, mguu unaniinuka wenyewe. Najua naweza kupita na moto wote, nimefanya hivyo mazoezini. Saa ikianza kuhesabu, naona kama kuna mtu ananishika."

Nabei akahamishia simu sikio la pili. "Labda ni uchovu," akasema.

"Labda. Wewe endelea kuniombea."

"Naendelea."

Huo haukuwa uongo, na kwa kuwa haukuwa uongo ulimuuma zaidi.

Mwezi Juni alipata jambo ambalo hakulitarajia. Mvua ilinyesha huko kwenye kilima cha nne, barabara ikawa utelezi, na daktari wa meno akaogopa. Epuyo, aliyejifunza kuendesha katika mchanga wa laga, ile mito mikavu, na tope la Lokichoggio, alipanda kama yuko kwao. Wa kwanza! Kilima cha tano, mvua tena. Wa kwanza tena. Firmin aliruka mpaka kofia ikaanguka.

"Maman, uliomba nini safari hii?"

"Niliomba tope," Nabei akasema.

"Eeh! Kumbe unajua mambo ya course ya magari!"

Hakumweleza. Alikwenda nyumbani akijiuliza ni nani anayemchezea mwenzake, yeye au Mungu.

Siku moja ya Julai Firmin alimwita toka mbali, akipunga mkono. "Kuya, Maman! Kuya uone! Kuko picha." Na kweli, katika kioo alikuwamo Epuyo. Amevaa kofia ngumu, macho tu yakionekana, lakini Nabei angeyajua macho hayo hata katika giza la kaburi. Gari la kijani lilikuwa limesimama kwenye mstari mweupe. Mbele yake barabara tupu iliingia chini ya miti mikubwa, mibichi, isiyojua kiangazi ni nini. Pembeni watu wachache walisimama na miavuli. Na nyuma ya gurudumu la nyuma alikuwa amechuchumaa mwanamke mmoja wa Kizungu, mnene, mwenye koti la rangi ya machungwa, ameshika fimbo ndefu, na mwisho wa fimbo hiyo kulikuwa na kipande cha mti.

Nabei aliinuka kitini. "Hicho ni nini?"

"Wapi?"

"Hapo. Nyuma ya gurudumu."

Firmin akasogeza pua. "Ni bois tu, Maman. Ni muti."

"Ni kabari," Nabei akasema. Akaitazama mpaka Firmin akaona aibu kumwambia asogee.

Jioni hiyo aliuliza kwenye simu, kabla hata ya salamu kuisha. "Ile kabari ni ya nini? Gari lenu halina breki?"

Epuyo akacheka, kicheko cha kwanza baada ya wiki nyingi. "Umeona! Mstari wa kuanzia uko mlimani, Mama. Mguu mmoja uko kwenye klachi, mwingine kwenye moto, mikono iko kwenye usukani. Sina kiungo cha kushika breki. Basi yule mama anaweka kabari gari lisirudi nyuma. Taa ikiwaka kijani naondoka, na kabari inabaki naye."

"Na mbele yako kuna nani?"

"Mbele? Hakuna mtu."

"Na nyuma?"

"Hakuna. Tunapanda mmoja mmoja. Wewe na saa, basi. Ukifika juu unangoja huko na wenzako mpaka mwende chini pamoja, lakini wao wanaongea na wake zao kwa simu, na mimi nakaa."

Nabei aliliwaza hilo siku nzima iliyofuata, akipanga samaki kwenye gunia. Alikuwa akifikiri mashindano ni magari mengi yanasukumana kama mbuzi kwenye kisima. Alikuwa ameomba gari bovu liwekwe mbele yake. Kumbe mbele hakuna kitu. Mwanawe anapanda peke yake katika barabara tupu, anafika juu ambako hakuna anayemjua, anakaa. Na yeye hapa, asubuhi mguu kwenye kabari, jioni mguu kwenye kabari.

"Ile ya baba bado iko?" Epuyo alikuwa ameuliza mwishoni mwa simu ile.

"Iko. Inashika mlango."

Agosti ikaja kavu huku na huko. Kilima cha sita, wa pili. Cha saba, wa pili. Cha nane Epuyo alishinda kwa sababu daktari wa meno alikosea gia, akaangukia nyuma ya wengine kama zile siku za mvua, na mambo yakabaki hivi: pointi zao zilikuwa sawasawa, na kilima cha mwisho, kile kile chenye kona ya kushoto, Jumapili ya mwisho ya Septemba, ndicho kitakachoamua. Atakayekuwa mbele siku hiyo amechukua mwaka.

Makuti ya kibanda yalikuwa yamekwisha kukauka vizuri. Mbuzi alikuwa amefungwa uani, dume jeupe lenye sikio jeusi. Nabei alilala akiwaza Desemba, akaamka akiwaza kona ya kushoto. Alijaribu kuacha ile sala yake ya moyoni na akashindwa. Ilikuwa ikija yenyewe kama mate. Mwisho akaona kwamba mtu hawezi kumshika mwenzake kwa siri miezi mitano halafu akajiita mama. Wiki ya kwanza ya Septemba, Epuyo alipopiga simu, alimwambia.

"Mwanangu, nina neno baya. Nimekuwa nikikuombea uende polepole."

Nabei alisikia maji yakidondoka mahali fulani katika karakana ile ya mbali.

"Tangu lini?"

"Tangu kilima cha kwanza. Nilijua mbio zilivyomfanya baba yako."

Epuyo hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alivuta pumzi ndefu, kisha akaongea kwa Kiturkana, lugha ambayo siku hizi aliitumia kwa mambo mazito tu.

"Mama, baba hakuuawa na mbio."

"Gari lilimshinda."

"Lilimshinda kwa kukosa mbio. Utingo wake aliniambia, nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mpando kama Kamatira, ukiwa na mzigo wa saruji, unaushika na mwendo na huuachi mpaka juu. Ukipunguza, umekwisha. Siku hiyo kulikuwa na basi bovu limesimama kwenye kona. Baba akapunguza ili asiligonge. Lori likazima, breki zikakosa hewa, likaanza kurudi nyuma. Utingo aliruka na ile kabari. Akaiweka, ikaponyoka. Akaiweka tena, ikaponyoka. Baba alimpigia kelele atoke pale, akageuza usukani kwenye ukingo ili lori lisiwaendee watu wa nyuma. Ni hivyo tu."

Nabei aliketi chini, pale pale mlangoni, mgongo kwenye mwimo. "Gari bovu," akasema. "Liweke mbele yake." Lakini hayo aliyasema kwa sauti ambayo simu haikuipata.

"Mbona hukuniambia miaka hii yote?" akamwuliza.

"Ulikuwa umezoea kusema ni mbio. Niliona ukisema hivyo unapata mtu wa kumlaumu. Sikutaka kukunyang'anya."

Kisha akasema, kwa Kiswahili sasa, kama mtu anayefuta mikono, "Nisamehe, Mama. Nenda kapumzike."

Hakupumzika. Asubuhi aliiokota kabari, akaiosha kwa sabuni, akaianika, akaifunga katika kipande cha gunia na kushona mdomo. Ilikuwa wiki yake ya kwenda Lodwar. Alipanda lori la wachuuzi wenzake, amepakata kifurushi kile mapajani kama mtoto, vumbi likiwafunika wote rangi moja. Lodwar palikuwa na joto la kufunga macho. Kabla ya kwenda kwa watu wa samaki, aliingia posta.

Kijana wa dirishani alikipima kifurushi kwa mkono, akakunja uso. "Shosho, hii ni nini? Ni jiwe?"

"Ni mti."

"Mti unaenda Uingereza? Kwani huko hakuna miti?"

"Iko mingi. Nimeiona."

"Lazima niandike ni kitu gani."

"Andika kabari ya gari."

"Imetumika ama ni mpya?"

Nabei alifikiri. "Imetumika," akasema.

Kijana akaandika. Alipokitupa kifurushi ndani ya gunia la barua kilitoa kishindo, na Nabei alisimama pale dirishani zaidi kidogo ya muda uliohitajika, mpaka aliyekuwa nyuma yake akakohoa.

Jumapili ya mwisho ya Septemba jumuiya ilikutana kama kawaida kwenye kivuli cha ukuta. Zamu ya Nabei ya kutaja nia ilipofika, wanawake walikuwa tayari kuitikia. Wimbo wa Epuyo walikwisha kuujua. Yeye alisimama, jambo ambalo si desturi.

"Nina la kusema kwanza. Miezi yote hii mmekuwa mkiniitikia. Kwa mdomo nimeomba Epuyo ashinde. Kwa moyo nimeomba ashindwe. Nilijiambia ni kwa sababu naogopa afe, na kweli naogopa. Lakini si hilo tu. Nimejenga kibanda, nimefunga mbuzi. Nilitaka arudi nyumbani, kwa sababu nimechoka kukaa peke yangu. Nimewafanya nyinyi muitikie uongo. Naomba mnisamehe. Na leo naomba hivi: Mungu amwache mwanangu aende."

Katekista alitazama kitabu chake kana kwamba jibu limeandikwa humo. Ndipo Akuol, yule wa mbuzi aliyepotea, akasema peke yake kwa sauti ya chini, bila mzaha wowote: "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Na wengine wakafuata, mmoja mmoja.

Saa kumi Akuol alimsindikiza kwa Firmin. Kila dereva hupewa mipando miwili, na ule bora ndio unaohesabiwa. Mpando wa kwanza, daktari wa meno alikuwa mbele.

"Kwa kiasi gani?" Akuol akauliza.

"Sehemu tatu za kumi za sekunde," Firmin akasema. "Lakini kuko jua. Hakuna mvua leo. Pole, Maman."

Mpando wa pili Nabei hakuweza kukaa. Alitoka nje, akasimama nyuma ya mabati, mahali palipokuwa na nepi za watoto wa jirani zilizoanikwa. Hakuomba tope. Hakuomba jua. Alifumba macho akaiona barabara ile tupu ikiingia chini ya miti, na yule mama mnene mwenye koti la machungwa amechuchumaa. Akaiona taa. "Nenda," akasema. "Usiinue mguu. Nenda."

Mabati yakatikisika. "Maman! Maman Epuyo! Wa kwanza! Sehemu saba za mia! Saba tu!"

Akuol alikuwa ametoka mbio, amemkumbatia mpaka akamwinua. Watu wasiojua lolote wakapiga makofi kwa sababu wengine wanapiga. Nabei alicheka, akalia, akawanunulia soda watu watano, na alipoona Firmin anafuta macho kwa kofia akamwambia, "Wewe unalia nini, ni wako?"

Simu ililia jua likikaribia kuzama.

"Mama!"

"Nimesikia. Ile kona?"

"Sikuinua mguu. Mzee analia hapa, ameketi juu ya tairi. Daktari wa meno amenipa mkono, amesema nikiumwa na jino niende kwake." Kelele za uwanja zilipungua, kama mtu aliyesogea kando. "Mama, sasa Desemba..."

"Najua."

"Kuna kazi nyingi. Karakana imekuwa yangu. Labda mwaka kesho, mashindano yakiisha."

"Najua, mwanangu. Ile kabari umeipata? Uliiweka?"

"Kabari gani?"

"Ya baba yako. Nimeituma kwa posta."

"Haijafika," Epuyo akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Umeituma? Sasa mlango unaushikia nini?"

"Kuna mawe Kakuma. Usijali habari za mlango."

"Haijafika, Mama."

"Basi umepanda bila hiyo," Nabei akasema. "Ikifika, iweke karakana. Lala juu yake ukichoka. Ina mahali pa shingo."

Aliporudi nyumbani upepo ulikuwa umeanza. Mlango ulikuwa ukigonga, ukifunguka, ukigonga. Mbuzi mweupe alimtazama toka uani, kile kibanda kipya kimesimama nyuma yake na makuti yake safi, bila mtu. Nabei alimpa maji. Kisha akaanza kuzunguka boma akitafuta jiwe, akaokota moja akaliona ni dogo, akaokota jingine, akalisukuma kwa mguu chini ya mlango. Lilikuwa na ncha, likamkwaruza kidole. Akaliacha hapo hapo, akaingia ndani, akapiga magoti kusali, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili hakuwa na maneno mawili, ya mdomoni na ya moyoni.